Nje ya Folda

Kazi yangu ni kuchomea watu nyimbo.
Kibanda, kompyuta mbili, feni yenye shingo mbovu,
nyuma ya maduka ya pembejeo, Mkuti, Masasi.
Leta kadi, leta flashi. Nyimbo kumi, mia tano.
Nina folda ya Bongo Fleva, ya Singeli, ya Taarabu.
Kaswida nimeziweka juu kabisa, marehemu baba alizipenda.
Na Injili: kwaya tupu, zile za kuchezea mabega.

Harieti Nanjota alikuja Alhamisi, mwezi wa saba,
miguuni vumbi la Lulindi, kuchani njano ya salfa.
Akafungua pindo la khanga, akatoa flashi
pale ambapo wenzake hufunga nauli.
"Albamu," akasema. "Nimetunga mwenyewe. Zipo tisa."
Jina lake?
"Umeme Umerudi."
Nikacheka, akacheka.
Tangu asubuhi tulikuwa gizani.

Akasubiri juu ya ndoo ya rangi, anakula ming'oko,
ananimenyea na mimi bila kuniuliza.
Saa kumi na moja feni ikakohoa.

Si kwaya.
Ngoma ya kompyuta, besi inayotembea kwa madaha,
gita la kaka yake, uzi mmoja umelegea.
Nikasema: hii Bongo Fleva.
Ya pili, anamwita Mola wake "wewe", "we", "we bwana",
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani kupitia ukuta wa fito.
Nikasema: basi Injili.
Ya sita haina jina la Mungu hata mahali pamoja.
Ina mama yake na mashine ya kupulizia mgongoni,
mikorosho ishirini na miwili,
stakabadhi ghalani, malipo ya pili yanayokuja kesho,
kesho ya mwaka juzi.
Kiitikio ni kilo tu. Anahesabu kilo.
Na jogoo anawika katikati.
Mbona hamkumfuta?
"Studio ni chumba cha trei za mayai," akasema.
"Sisi ndio wageni."

Mimi ni mtu wa swala tano
(nne, wateja wakizidi).
Sikuwa na neno la kumwambia. Nikamuuliza bei.

Wakaja.
Katekista Mkwanda: "Hii ya sita itoe, inachanganya waumini."
Vijana wa bodaboda: "Ya tatu tu, ile ya kuruka,
nyingine mpelekee katekista."
Mama mmoja kutoka Mkomaindo, nguo zinanuka dawa ya wodini,
akataka ya sita, na ya sita, na ya sita,
"mpaka kadi ijae, nisiguse simu usiku."
Nikamjazia.
Nikamtoza mia tano.
Mpaka leo ile noti naijua, ilikuwa na wino pembeni.

Usiku huo nikajaribu kuipanga albamu.
Nikaisukumia kwenye Injili, ikachomoza miguu.
Kwenye Bongo Fleva, ikachomoza kichwa.
Nikachoka. Nikaiacha nje ya folda zote,
peke yake, kama kiatu mlangoni,
na kila kadi niliyochoma tangu siku ile ilitoka nayo.

Sikujua tabia ya sabufa za Kichina:
huanza na kile kisicho na folda.

Sasa kila umeme ukikatika Masasi na kurudi,
watoto hupiga kelele, "Umerudiii!",
na nyumba kwa nyumba, bila mtu kugusa kitu,
kwa waliolipia singeli, kwa waliolipia taarabu,
Harieti anavuta pumzi.
Ndivyo wimbo wa kwanza unavyoanza: pumzi,
ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Hata kwa Mwalimu Nangonji wa madrasa, aliyenunua kaswida.
Yeye ni mwepesi, huzima kabla ya neno la kwanza.
Lakini pumzi inakuwa imeshapita.